Nargis: Mama aliyekataa

Wiki hii naomba tuiweke kando bei ya mahindi na vikao vya halmashauri, tuzungumze habari za mcheza sinema mmoja aliyefariki dunia zaidi ya miaka 40 iliyopita, tena mbali sana na hapa Babati. Jina lake Nargis. Wazee waliokuwa wakienda sinema Arusha au Moshi enzi hizo hawahitaji kuelezwa ni nani. Vijana wanaoangalia picha kwenye simu huenda wanamfahamu zaidi mwanawe, Sanjay Dutt. Basi huyo Sanjay ni mtoto wa mama huyu, na mama ndiye aliyekuwa gwiji wa kweli.

Sababu ya kumzungumzia ni hii. Hapa Maisaka, katika sherehe za kumuaga bibi harusi, ambazo siku hizi sote tunaziita sendofu, nimesikia zaidi ya mara moja akina mama wenye umri mkubwa wakimpa binti wasia kwa mfano wa picha ya Kihindi iitwayo Mother India. "Mwanangu, kawe na moyo kama wa yule mama. Aliteseka, akanyamaza, akavumilia." Ukumbi unapiga vigelegele, na mshereheshaji anaongeza ya kwake kwamba mvumilivu hula mbivu. Nawaheshimu sana mama zangu hao. Lakini nimeiangalia picha hiyo mara nyingi, na yule mama hakunyamaza hata kidogo. Kazi iliyompa Nargis tuzo ilikuwa kumwigiza mwanamke anayesema hapana. Nadhani ni haki yake, na ni haki ya mabinti zetu wanaotolewa wasia huo, jambo hili likaelezwa sawasawa.

Alizaliwa tarehe 1 Juni, 1929 katika jiji la Calcutta, akapewa jina la Fatima Rashid. Mama yake, Jaddanbai, alikuwa mwimbaji, na baadaye akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa India kutunga muziki wa filamu na kuendesha kampuni ya filamu. Kwa hiyo binti alikulia katikati ya taa na kamera. Alionekana katika picha kwa mara ya kwanza mwaka 1935, bado mtoto mdogo kabisa. Mwaka 1943, akiwa na miaka 14 tu, mtengenezaji wa filamu Mehboob Khan akampa nafasi ya mbele katika picha ya Taqdeer. Mehboob huyo mlishike jina lake, maana tutarudi kwake.

Miaka ya 1948 hadi 1956 ilikuwa ya Nargis na Raj Kapoor. Walicheza pamoja picha nyingi, na kubwa kuliko zote ni Awara ya mwaka 1951. Raj Kapoor ni kijana aliyeingizwa katika wizi na jambazi, asijue kuwa baba yake ni hakimu. Nargis ni wakili anayesimama mahakamani kumtetea. Hebu fikirini, mwaka 1951, mwanamke wakili! Katika Tanganyika ya wakati huo mwanamke wa kusimama mahakamani kama wakili lilikuwa jambo la kuonekana kwenye pazia la sinema tu.

Awara ilivuka mipaka kwa namna ambayo hata wenyewe waliotengeneza hawakuitarajia. Ilipendwa mno katika Urusi ya Kisovieti, na ilipendwa hapa kwetu. Mwanahistoria wa Marekani, Laura Fair, alitoa kitabu mwaka 2018 kuhusu majumba ya sinema ya Tanzania na watazamaji wake, na humo ameeleza jinsi watu wa Unguja na Dar es Salaam walivyozikumbuka picha hizo miaka mingi baadaye, na jinsi walivyozitumia kuzungumzia mapenzi, ndoa na malezi yao wenyewe. Muziki nao ulipita njia hiyo hiyo. Waimbaji wa taarab wa pwani walichukua mahadhi ya Kihindi wakayatilia maneno ya Kiswahili, na marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alijijengea jina kubwa kwa mtindo huo. Wengi wa waliokuwa wakiimba na kusikiliza hawakujua Kihindi. Picha nazo zilionyeshwa bila tafsiri ya Kiswahili. Mtu alisoma uso, akasikiliza sauti, akaelewa.

Na hapo ndipo Nargis alipokuwa bingwa, maana uso wake ulisomeka.

Sasa tuje kwenye Mother India. Ilianza kuonyeshwa mwezi Oktoba 1957, miaka kumi baada ya India kupata uhuru. Mehboob Khan alikuwa ameshatengeneza kisa hicho hicho mwaka 1940 kwa jina la Aurat, yaani Mwanamke, na aliyecheza nafasi ya mama wakati ule, Sardar Akhtar, akaja kuwa mke wake. Mehboob hakupata elimu kubwa ya shule. Alitoka kijijini Gujarat, na alichokuwa anakijua vizuri ni shida ya mtu asiyeweza kusoma karatasi anayotakiwa kuweka dole gumba.

Kisa chenyewe ni hiki. Radha anaolewa kijijini. Mama mkwe, ili harusi ipendeze, amekopa rupia 500 kwa mkopeshaji wa kijiji aitwaye Sukhilala, na ameweka shamba rehani. Wazee wa kijiji wanaamua kwamba karatasi ndiyo yenye nguvu: kila msimu robo tatu ya mavuno ziende kwa Sukhilala kuwa riba tu, na deni lenyewe libaki pale pale. Mume na mke wanajaribu kufungua shamba jipya lenye mawe. Jiwe kubwa linamwangukia mume, linamponda mikono yote miwili. Kwa aibu ya kulishwa kama mtoto, na kwa kejeli za mkopeshaji, usiku mmoja anaondoka na haonekani tena. Radha anabaki na watoto na deni. Ng'ombe wamekwenda na riba, kwa hiyo anavuta plau yeye mwenyewe.

Mimi niliiona picha hiyo kwa mara ya kwanza katika kibanda cha video hapa Maisaka, katikati ya miaka ya 1990. Mkanda ulikuwa umechakaa hata rangi zimegeuka, na jenereta likipiga kelele kuliko waigizaji. Kando yangu alikaa bibi mmoja wa Kiiraqw aliyeletwa na wajukuu wake. Radha alipoingiza bega lake kwenye nira, mahali pa maksai, watoto wakacheka. Bibi akawakemea: "Nyamazeni. Huyu mama amelima huyu, siyo mchezo." Katika wilaya ambayo kila mtu anajua maksai wanavyokwenda, namna mkono unavyoshika plau na mguu unavyotafuta pa kukanyaga, hiyo si sifa ndogo.

Kumbe Nargis alikuwa binti wa mjini kabisa. Kabla ya kupiga picha ilibidi yeye na wenzake wakae na wakulima, wafundishwe kulima, kupanda, kuvuna na kuchuma pamba. Na kitu kingine ambacho wengi hawakijui ni umri wake. Picha ilipotoka alikuwa na miaka 28. Ndani ya picha anaanza bibi harusi, anamaliza kikongwe. Kijana aliyecheza nafasi ya mwanawe Birju, yule mkorofi, ni Sunil Dutt, aliyezaliwa tarehe 6 Juni, 1929. Hesabuni wenyewe. Mama alimzidi mtoto siku tano! Wacheza sinema wengi wa rika lake wangeogopa kupakwa mvi na kuonekana wazee mbele ya vijana wenzao, maana nafasi za upenzi zingeweza kuwakimbia. Yeye alikubali, na ukimwangalia pamoja na Birju husiti hata dakika moja kwamba huyu alimzaa huyu.

Turudi kwenye madai yangu. Mafuriko yanakuja, nyumba zinabomoka, mavuno yanakwenda, mtoto mchanga anakufa. Sisi wa Babati tulioona ziwa likipanda na kuingia mjini mwaka 1990, na sote tulioona matope ya Mlima Hanang yakifunika Katesh tarehe 3 Desemba, 2023, hatuhitaji kuelezwa sura ya watu asubuhi yake. Radha, watoto wakilia njaa, anakwenda kwa Sukhilala. Mkopeshaji yuko tayari kumpa chakula, ila kwa bei ambayo mwanamume wa namna hiyo humdai mwanamke mwenye njaa. Hapo angalieni uso wa Nargis. Kwa nukta chache unaamini atakubali, kwa ajili ya watoto. Halafu kitu kinabadilika machoni, kabla hajanyanyua mkono. Anakataa. Anatoka na njaa yake.

Wanakijiji wanafunga mizigo, misafara ya mikokoteni inaanza kuondoka. Radha, ambaye ndiye aliyepoteza zaidi kuliko wote, anawakatalia kuondoka. Wanarudi. Wanaanza upya. Huyo ndiye anayeitwa mama wa kunyamaza?

Miaka inapita, watoto wanakua. Ramu mpole, Birju mkali. Birju amekula kiapo rohoni mwake juu ya bangili za harusi za mama yake ambazo ziko rehani kwa Sukhilala. Anajiunga na majambazi, anamuua mkopeshaji, na katika siku ya harusi anamteka binti wa Sukhilala juu ya farasi. Mama anasimama njiani na bunduki. Mtoto haamini kwamba mama atafyatua. Mama anafyatua. Birju anafia mikononi mwake.

Watu hubishana sana juu ya mwisho huo, na ni vizuri wabishane. Wapo wanaosema ni ukatili, mama gani anamuua mwanawe ambaye kosa lake ni kumlipizia kisasi mama yake. Mimi naona vingine. Radha alikuwa ameteswa na Sukhilala kuliko mtu yeyote, lakini binti wa Sukhilala hakumkosea kitu. Alikuwa ameahidi kijiji kwamba mwanawe hatamdhuru binti huyo. Heshima ya binti wa adui yake aliiona sawa na ile aliyoitetea yeye mwenyewe usiku ule wa njaa, na hakuwa tayari kuitoa hata kwa ajili ya mtoto aliyempenda kuliko wote. Nargis anaigiza yote mawili kwa wakati mmoja: mkono unafyatua na mwili wote unakimbilia kumdaka. Sijaona mcheza sinema mwingine, wa Bombay wala wa Hollywood, aliyefanya jambo hilo hivyo.

Kwa hiyo mama zangu wa Maisaka, ukimpa binti mfano wa Radha, mpe wote. Mwambie pia habari ya deni la harusi, maana kisa kizima kinaanzia kwenye harusi iliyogharimiwa kwa mkopo. Leo hii mijini na vijijini tunayo mikopo tunayoiita kausha damu. Mama wa sokoni anakopa asubuhi, riba inaanza kuhesabiwa jioni, wiki haijaisha wamekuja kubeba godoro, televisheni na sufuria. Ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayomtaka mkopeshaji awe na leseni, lakini sheria iko Dodoma na godoro liko Maisaka. Wapo akina mama waliohama nyumba usiku kwa sababu ya madeni hayo. Ukimwambia mwanamke wa namna hiyo anyamaze na avumilie kama Radha, unamsaidia Sukhilala. Kilichomfunga Radha ni karatasi ambayo hakuna aliyeweza kuisoma nyumbani kwake. Binti apewe wasia wa kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, ndipo apigiwe vigelegele.

Na kwa kuwa tumeitaja India, nitoke nje ya mada kidogo. Mbaazi zetu za Babati kwa miaka mingi soko lake kubwa limekuwa huko huko kwa Nargis. India ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi mwezi Agosti 2017, bei hapa ilianguka hata chini ya shilingi 500 kwa kilo, na wakulima walioweka matumaini ya ada za shule kwenye magunia hayo walibaki wameshika tama. Basi wakati mwingine uamuzi wa kijiji chetu hupitishwa mbali, kama ule wa wazee waliompa Sukhilala robo tatu.

Tuzo sasa. Katika tuzo za Filmfare za mwaka 1958 Mother India ilitangazwa kuwa filamu bora, Mehboob akawa mwongozaji bora, na Nargis mwigizaji bora wa kike. Mwaka huo huo katika tamasha la Karlovy Vary, Czechoslovakia, alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike, na serikali ya India ikamtunuku nishani ya Padma Shri. Picha yenyewe ndiyo ya kwanza kutoka India kuingia kwenye orodha ya mwisho ya Oscar upande wa filamu za lugha za kigeni. Ilishindwa na ile ya Mtaliano Fellini, Le notti di Cabiria, na inaelezwa mara nyingi kwamba ilikuwa ni kwa kura moja. Huku Afrika hakuna aliyehesabu kura. Mjini Kano, kaskazini mwa Nigeria, Mother India iliendelea kujaza majumba ya sinema miongo kadhaa baada ya kutoka, mbele ya Wahausa ambao hawakujua Kihindi kama sisi.

Wakati wa kupiga picha mwaka 1957, huko Umra katika Gujarat, mandhari ya moto yaligeuka kuwa moto wa kweli. Upepo ulibadilika, marundo ya majani makavu yakashika, Nargis akazingirwa na ndimi za moto. Sunil Dutt aliingia na blanketi akamtoa, akaungua vibaya. Nargis akamuuguza. Mwezi Machi 1958 wakaoana, yule mama na yule mwana wa kwenye pazia, yeye Mwislamu na mume Mhindu, jambo lililozua maneno mengi India nzima. Hapo pia alikataa kusikiliza.

Baada ya ndoa aliachana karibu kabisa na filamu. Alilea watoto watatu, akashughulika na watoto wenye ulemavu wa ubongo kupitia chama cha kuwasaidia huko Bombay, na pamoja na mumewe wakaongoza kikundi cha wasanii kilichokwenda mipakani kuwaburudisha askari. Mwaka 1980 aliteuliwa kuingia Rajya Sabha, baraza la juu la bunge la India. Huko alizua kishindo kwa kumshambulia mwongozaji mkubwa Satyajit Ray kwamba filamu zake zinauza umaskini wa India kwa watu wa nje. Hapo simuungi mkono. Mwanamke aliyevuta plau badala ya ng'ombe mbele ya dunia nzima hakuwa mtu wa kulalamika kwamba mwenzake anaonyesha umaskini. Lakini ndivyo walivyo watu, hata wale tunaowapenda.

Kuna kazi yake moja ya mwisho ambayo haizungumzwi sana. Raat Aur Din, yaani Usiku na Mchana, ilitoka mwaka 1967. Anaigiza mke wa nyumbani mwenye maradhi ya akili: mchana mtulivu, usiku ni mtu mwingine kabisa anayetoka kwenda kwenye kumbi za starehe. Kwa kazi hiyo India ilimpa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike, mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Baada ya hapo hakucheza tena.

Mehboob Khan yeye alikuwa ameshafariki tarehe 28 Mei, 1964, siku moja tu baada ya Waziri Mkuu Nehru. Nargis aliugua saratani ya kongosho. Alitibiwa New York, akarudi nyumbani, akafariki Bombay tarehe 3 Mei, 1981, akiwa hajatimiza miaka 52. Wiki hiyo hiyo ilikuwa imepangwa kuonyeshwa kwa mara ya kwanza picha ya Rocky, ya kwanza kwa mwanawe Sanjay kama stelingi, iliyoongozwa na baba yake. Maonyesho hayakuahirishwa. Familia ilikwenda ikaketi, na kiti kimoja kikaachwa wazi kwa ajili ya mama.